Shajara ya mradi: mwongozo wa Kiswahili wa makumbusho ya visu ya Solingen

Januari: msingi wa kazi

Kazi ya mwongozo imeanza mwezi huu, nami naiandikia shajara ili wenzangu tunaojitolea pamoja, na yeyote atakayependa kuiendeleza baadaye, waone kilichofanyika na sababu ya kila uamuzi. Lengo letu ni kumpatia mgeni anayezungumza Kiswahili mwongozo wa maandishi na wa sauti wa kutembelea Solingen, mji wa magharibi ya Ujerumani ambao kwa zaidi ya miaka 600 umeishi kwa kufua na kunoa panga, visu, mikasi na nyembe. Kitovu cha mwongozo ni Deutsches Klingenmuseum, makumbusho ya visu na panga yaliyoko Gräfrath, upande wa kaskazini wa mji huo. Kazi hii haikuagizwa na makumbusho. Ni yetu sisi wageni na wapenzi wake, na gharama zake tunazibeba wenyewe.

Mahitaji yapo. Mji jirani wa Wuppertal ndipo yalipo makao makuu ya Vereinte Evangelische Mission, umoja wa makanisa wenye wanachama Tanzania, Rwanda na Kongo, kwa hiyo wageni wanaozungumza Kiswahili si haba katika eneo hili. Tena ziko familia zetu zinazoishi katika miji ya kandokando ya mito Rhine na Ruhr, ambazo watoto wao wanajifunza habari za mji huu kwa Kijerumani na kurudi nyumbani na maswali ambayo wazazi hawana pa kuyasomea kwa lugha wanayoimudu vizuri zaidi.

Tumekubaliana tangu mwanzo kwamba hatutatafsiri tu vibao vilivyobandikwa ukutani. Msomaji wetu anakifahamu kisu. Amekulia mahali ambapo mhunzi, mivukuto na fuawe ni vitu vinavyotambulika, ambapo mnoaji hupita mtaani na gurudumu lake, na ambapo mtu mzima hujua kuchagua panga kwa kuligonga na kulisikiliza. Mwongozo unapaswa kuanzia kwenye ujuzi huo na kumpeleka mbele, badala ya kumfundisha upya kwamba kisu kina makali na mpini.

Februari: nyumba yenyewe

Mwezi wote umekwenda katika kuandika sura ya makumbusho. Yalianzishwa mwaka 1954, na tangu 1991 yamo katika jengo la konventi ya zamani ya watawa wa kike, lililokarabatiwa kwa michoro ya msanifu Josef Paul Kleihues. Hazina ya kanisa la konventi hiyo imehifadhiwa humo humo, hivi kwamba mgeni anayetoka kwenye chumba cha panga anaweza kujikuta mbele ya vyombo vitakatifu vya dhahabu na fedha. Nje kuna uwanja mdogo uliozungukwa na nyumba za mtindo wa eneo hili: kuta zimefunikwa kwa vigae vyeusi vya mawe, fremu za madirisha ni nyeupe, na mbao za kufungia madirisha zimepakwa rangi ya kijani.

Mkusanyo wa vitu ni mkubwa mno kwa ziara moja. Kuna silaha za Zama za Shaba Nyeusi, panga za mashujaa wa Ulaya, visu vya uwindaji, nyembe, na vifaa vya mezani vya karne nyingi. Sehemu ya vifaa vya mezani ndiyo niliyoona inastahili ukurasa wake, kwa sababu inaonyesha kwa vitu vyenyewe jinsi watu wa Ulaya walivyokula. Kwa muda mrefu mgeni alikwenda karamuni na kisu chake mwenyewe kiunoni, akakatia nyama kwa kisu hicho na kula kwa vidole. Uma ulichelewa sana kuzoeleka, na seti kamili ya kijiko, kisu na uma kwa kila mtu mezani ni desturi changa kuliko wengi wanavyodhani. Msomaji aliyelelewa kula kwa mkono ataitazama kabati hiyo kwa utulivu zaidi akijua hayo.

Hata hivyo kuna tatizo ambalo limenisumbua kila nilipoyapitia maelezo niliyoyaandika. Kitu kilichokamilika, kikiwa kimelala nyuma ya kioo chini ya taa nzuri, kinasimulia habari za aliyekimiliki kuliko za waliokitengeneza. Upanga wa mfalme unaonekana kuwa wa mfalme. Aliyeinama saa nyingi mbele ya jiwe la kunolea ili bapa lake liwe jembamba na lenye uzito sawasawa kila upande haonekani. Kwa hiyo nimependekeza kwa wenzangu kwamba mwongozo usianzie kwenye makabati, wala usifuate karne moja baada ya nyingine. Ufuate njia ya kisu chenyewe: motoni, majini, kwenye jiwe, kichwani mwa mwanamke aliyekibeba, kwenye meza ya mtia mipini, na mwisho ndipo mgeni aingie Gräfrath. Pendekezo limekubaliwa, ingawa linamlazimu mgeni kuzunguka mji.

Machi: mikono mingi

Sura ya historia imeandikwa, ikafupishwa, ikaandikwa tena. Swali la kwanza ni kwa nini hapa. Eneo hili la milima midogo hupata mvua nyingi, na vijito vyake vinateremka kwa kasi kwenye mabonde membamba hadi mto Wupper, kwa hiyo nguvu ya maji ilipatikana bila shida. Misitu ilitoa mkaa. Chuma kilitoka Siegerland, upande wa kusini mashariki, na jiji la Köln lililo karibu lilikuwa na wafanyabiashara wa kuyapeleka mapanga mbali. Ufundi wenyewe hauwezi kuelezwa kwa jiografia pekee, lakini bila maji hayo mji huu usingekuwa na habari ya kuandika.

Jambo linaloutofautisha mji huu ni mgawanyo wa kazi. Mhunzi alifua bapa, akaliacha likiwa jeusi na nene. Mtu mwingine alilikomaza, yaani alilipasha moto mpaka rangi ifikie kiasi alichokijua kwa jicho, akalichovya ili liwe gumu, kisha akalirudishia joto dogo ili lisivunjike kama kioo. Wa tatu alilinoa kwenye jiwe. Wa nne alilitia mpini na kulikamilisha. Kila kundi lilikuwa na umoja wake uliopewa haki na mtawala: wakomazaji na wanoaji wa panga walipata yao mwaka 1401, wahunzi wa panga mwaka 1472, na watengenezaji wa visu mwaka 1571. Haki hizo zilikuja na kiapo kizito. Fundi aliahidi kutouhama mji na kutomfundisha mgeni siri ya kazi, na kazi ilirithiwa na mwana kutoka kwa baba.

Kiapo hakikuwazuia wote. Mwishoni mwa karne ya 17 baadhi ya mafundi wa panga walihamia Shotley Bridge, kaskazini mwa Uingereza, na mwanzoni mwa karne ya 19 wengine walikwenda Zlatoust, katika milima ya Ural nchini Urusi, wakaanzisha huko kazi ya panga iliyopata sifa. Nimeliweka jambo hili katika mwongozo kwa makusudi, kwa sababu wasomaji wetu wengi ni watu waliohama na kubeba ujuzi wao, na ni vizuri wajue kwamba hata mji uliofunga milango kwa kiapo ulipoteza na kueneza mafundi.

Alama ya fundi ilikuwa mali. Iligongwa kwenye bapa karibu na mpini, ikasajiliwa, na kuiiga ilikuwa kosa. Tarehe 13 Juni 1731 Peter Henckels aliandikisha alama ya mapacha wawili, ambayo bado ipo sokoni kwa jina la Zwilling. Wahunzi wa Solingen wenyewe, karne kadhaa kabla yake, walikuwa wameichukua alama ya mbwamwitu anayekimbia kutoka mji wa Passau, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wameizoea na kuiamini.

Vyama hivyo vilivunjwa mwaka 1809, wakati eneo hili likiwa chini ya utawala wa Wafaransa. Vitabu vingi hulipita jambo hili kwa sentensi moja, nami naona hapa ndipo habari inapokuwa nzito. Fundi aliyekuwa na umoja wa kupanga bei sasa alisimama peke yake mbele ya mfanyabiashara aliyemletea chuma na kununua kazi yake. Wafanyabiashara wengine walilipa kwa bidhaa badala ya fedha, bidhaa ambazo fundi hakuzihitaji na ambazo zilihesabiwa kwa bei ya juu. Machi 1848 wafanyakazi wenye hasira walivamia na kubomoa viwanda vilivyokuwa vikisubu mikasi ya bei rahisi, mikasi ambayo haikupita mikononi mwa mhunzi wala mkomazaji. Mwaka uliofuata serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani iliyolitawala eneo hili wakati huo, ilipiga marufuku malipo ya bidhaa. Mwongozo unasimulia haya kwa kirefu kidogo, maana mgeni atakapoona mkasi wa kufua kwa nyundo baadaye, ajue kwamba watu waliwahi kuupigania.

Aprili: kwenye maji

Mwezi huu umekuwa wa Wipperkotten, nami nimeupa kurasa nyingi kuliko kituo kingine chochote. Ni karakana pacha ya kunolea iliyo kando ya mto Wupper: nyumba mbili zenye fremu za mbao, moja kila upande wa mfereji, kila moja ikiwa na gurudumu lake la maji. Karakana za aina hii zilikuwa zaidi ya 100 kwenye mto na vijito vya Solingen. Leo zimebaki chache, na hii ndiyo ya mwisho yenye nyumba zote mbili. Ya pili inayoweza kutembelewa, Balkhauser Kotten, iko juu zaidi kwenye mto huo huo.

Mtambo wake unaeleweka kwa kuutazama, na hilo ndilo linaloufanya uwe mwalimu mzuri. Maji yanalisukuma gurudumu kubwa polepole. Mhimili wake unaingia ndani ya nyumba na kuzungusha magurudumu ya meno ya mbao, kila hatua ikiongeza mwendo, mpaka mikanda ya ngozi inapolizungusha jiwe kwa kasi ya kutosha kula chuma. Mnoaji hakuwa lazima amiliki nyumba wala gurudumu. Alikodi nafasi moja mbele ya jiwe moja, akaja na kazi yake kutoka kwa mfanyabiashara, akalipa kodi ya nafasi na ya maji. Kiangazi maji yakipungua, au baridi ikigandisha mfereji, kazi ilisimama na mapato yakasimama pamoja nayo.

Jiwe lilikuwa jiwe la mchanga, na likiwa jipya liliweza kumpita mtu kimo. Lilimwagiwa maji ili chuma kisipate joto kupita kiasi, kwa maana bapa lililokwisha kukomazwa likipata joto jingi kwenye jiwe hupoteza ugumu wake, na rangi ya bluu inayotokea kwenye makali ni dalili kwamba kazi ya mkomazaji imeharibika. Kwa sababu hiyo mnoaji alipaswa kusikia kwa vidole kile ambacho jicho lingekiona baada ya muda kupita. Kadiri jiwe lilivyoliwa, mzingo wake ulipungua na mwendo wa uso wake ukabadilika, na fundi akabadilisha mkono wake kuufuata. Jiwe lililokwisha kuwa dogo halikutupwa. Lilifaa kwa bapa zenye shimo la ubavuni, kama wembe, ambao ubavu wake hupinda kuingia ndani ili makali yawe membamba sana.

Nimetumia muda mrefu kuandika aya mbili za hatari, na nimezipitia na wenzangu kwa uangalifu, kwa sababu ni rahisi kuifanya karakana ya kale ionekane mahali pa amani kwa kuwa kuna sauti ya maji na mbao. Jiwe lenye ufa usioonekana liliweza kupasuka likiwa katika mwendo na kumuua aliyeketi mbele yake. Vumbi la jiwe la mchanga liliingia mapafuni, hasa pale kazi ilipofanywa bila maji, nalo likaleta ugonjwa wa mapafu ulioufupisha umri wa wanoaji wengi. Unyevu na baridi vilikaa nao mwaka mzima. Hatari ya vumbi ilipungua katika karne ya 20, mawe ya kutengenezwa kiwandani yalipochukua nafasi ya mawe ya mchanga na vifyonza vumbi vilipofungwa. Mwongozo wa sauti utayasema haya mgeni akiwa amesimama mbele ya jiwe lenyewe. Asiyasome akiwa njiani kurudi.

Hatua inayofuata baada ya jiwe ni kulainisha bapa kwa magurudumu ya mbao yaliyovikwa ngozi, ambayo juu yake hupakwa gundi na unga mkali wa kusugulia. Mafundi wa Solingen wana ngazi kadhaa za kazi hii, na iliyo bora kuliko zote huliacha bapa na mng'ao wa samawati hafifu. Uso laini namna hiyo hushika kutu kwa shida zaidi, kwa hiyo uzuri wake una kazi.

Mei: kiwanda cha mikasi

Kituo cha moto ni kiwanda cha zamani cha Hendrichs, kilichoanzishwa mwaka 1886 na kufungwa mwaka 1986, ambacho sasa ni makumbusho ya viwanda ya mkoa wa Rhineland. Bidhaa yake ilikuwa mikasi ambayo haijanolewa, iliyouzwa kwa mafundi wa kuikamilisha. Tumekiingiza katika mwongozo wa visu kwa sababu ndipo mahali mgeni anapoona pua, yaani chuma kigumu cha visu na mikasi, ikifuliwa kweli: chuma chekundu huwekwa juu ya kalibu ya chini, nyundo nzito huinuliwa kwa mkanda na kuachiliwa, na kwa mapigo machache umbo linatokea, likizungukwa na ukingo wa ziada ambao baadaye hukatwa.

Sehemu hii tumeiandika kwa ufupi. Mashine zinajieleza zikiwa zinafanya kazi, na sauti ya mwongozo haitasikika zikianza. Tumeongeza tu ombi kwamba mgeni apite pia chumba cha kubadilishia nguo na mahali pa kunawia, ambavyo vimeachwa kama vilivyokuwa, kwa kuwa humo ndimo anapoona siku ya mfanyakazi ilivyoanza na kuisha.

Juni: wanawake wa vikapu

Hii ndiyo sura niliyoingoja. Kazi ikiwa imegawanywa baina ya mhunzi, mkomazaji, mnoaji na mtia mipini, na kila mmoja yuko kwenye nyumba yake, huenda kwenye kilima kingine, lazima awepo wa kukipeleka kisu kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Wa kukipeleka alikuwa mwanamke. Waliitwa Liewerfrauen, na mara nyingi walikuwa wake na mabinti wa mafundi wenyewe. Waliweka ngata kichwani, juu yake kikapu kikubwa kilichojaa bapa au mikasi, wakashuka bondeni hadi kwenye maji, wakapanda tena upande wa pili, wakaifikisha kazi kwa mfanyabiashara na kurudi na chuma kipya au malipo.

Picha za zamani zipo, na mjini ipo sanamu ya ukumbusho wao. Msomaji wetu hahitaji kuelezwa jinsi mtu anavyosawazisha mzigo kichwani kwenye njia ya kuteremka yenye matope. Anachohitaji kuelezwa ni kwamba ukiondoa kazi yao, mfumo wote wa Solingen unasimama. Vitabu vya majina ya mafundi, viapo vya vyama na alama zilizosajiliwa vyote ni vya wanaume, na hali visu vingi vilivyotoka mji huu kabla ya magari vimepita juu ya kichwa cha mwanamke mara kadhaa kabla ya kukamilika. Naona jambo hili linapaswa kuwa uti wa mwongozo, na wenzangu wamekubali tuwafuate wabebaji hawa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Sehemu ya njia hiyo inaweza kutembewa kwa miguu, kwa kuwa njia ya matembezi iitwayo Klingenpfad inauzunguka mji kwa zaidi ya kilomita 70 na kukutana na mto Wupper mahali kadhaa.

Kuna mgeuko mmoja wa historia ambao nimeuweka hapa. Mvuke ulipokuja katika karne ya 19, wanoaji wengi waliacha mabonde na kukodi nafasi katika majengo makubwa yenye injini moja. Kisha umeme ukafika, na mota ndogo ikamwezesha fundi kufunga jiwe lake nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Mtu angetarajia umeme uwakusanye watu kiwandani; hapa uliwarudisha majumbani, ukawatawanya zaidi, na safari za vikapu zikaendelea mpaka ndani ya karne ya 20, wakati mikokoteni na magari yalipochukua mzigo.

Julai: wasomaji wa kwanza

Rasimu imesomwa kwa sauti mbele ya kundi dogo la watu wazima. Mzee mmoja aliyezaliwa Mamba, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ambako uhunzi ni kazi ya ukoo tangu zamani, alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya moto, maana kwao mhunzi ndiye anayekianza kitu na kukimaliza. Swali lake limetufanya tuongeze maelezo kwamba Solingen hakuna fundi mmoja aliyeweza kusema kisu hiki ni changu peke yangu, na kwamba alama iliyogongwa kwenye bapa ilikuwa ya mmoja tu kati ya wengi. Mama mmoja wa Bukavu alitaka kujua wabebaji walilipwa nini. Tumeandika lililo wazi: aliyebeba kazi ya mume au baba yake alibeba kwa ajili ya chakula cha nyumba, na aliyebeba ya wengine alilipwa ujira.

Wasomaji wengine wawili, mmoja wa Unguja na mwingine aliyewahi kuishi Muscat, waliuliza kama visu hivi viliwahi kufika kwetu. Vilifika. Panga refu la Oman liitwalo kattara, lenye bapa pana lisilo nene, na lisilo na kikingio cha mkono, mara nyingi lilitiwa mpini Arabuni juu ya bapa lililofuliwa Ulaya, na Solingen ilikuwa miongoni mwa miji iliyotoa bapa hizo. Mgeni kutoka pwani aliyeona panga kama hilo nyumbani kwa wazee wake anaweza, kwa hiyo, kuwa ameshashika kazi ya mji huu bila kuambiwa. Khanjari ya Oman, jambia lililopinda, ni ufundi mwingine kabisa, wa wafua fedha na washonaji wa mikanda sawa na wa wahunzi. UNESCO iliuandikisha katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2022. Tumeitaja ili wasomaji wasivichanganye.

Septemba: kisu kidogo, na hali ya kazi ilipofikia

Sura ya mwisho inahusu kisu cha jikoni, kile kidogo cha kumenyea ambacho wenyeji hukiita Zöppken. Nimekichagua kwa sababu hakina heshima ya upanga wala historia ya vita, na bado ufundi wote umo ndani yake. Mnoaji wa Solingen hulipunguza bapa kwa mkono tangu kwenye kigongo hadi kwenye makali bila kuacha bega, hivi kwamba kisu kinapita ndani ya kitunguu bila kukisukuma. Kipimo chake ni cha zamani: fundi hulaza makali juu ya ukucha wa kidole gumba na kubonyeza kidogo, na kama kazi ni nzuri huona ukingo wa chuma ukiinuka mahali unapogusa ukucha, kisha ukirudi ulipokuwa. Pua ya kawaida yenye kaboni hufaa kazi hii, lakini hubadilika rangi na kushika kutu, kwa hiyo lazima ipanguswe mara baada ya kutumika. Chuma kisichoshika kutu, ambacho kampuni ya Krupp ya Essen ilikipatia hataza mwaka 1912, kiliwaondolea wapishi usumbufu huo, na kwa wanoaji kikawa kigumu zaidi kukishughulikia kwa jiwe.

Jina la mji linalindwa na sheria tangu tarehe 25 Julai 1938, na kanuni ya mwaka 1994 inaendelea kusema kwamba bidhaa haiwezi kuandikwa Solingen isipokuwa hatua zake muhimu zimefanyika katika eneo la viwanda la mji huo. Tumelieleza hili kwa vitendo, ili mgeni anayenunua zawadi ajue kwamba neno lililo kwenye bapa linabeba dai ambalo anaweza kulihoji dukani. Tumeeleza pia kwamba tarehe 4 na 5 Novemba 1944 mabomu yaliteketeza mji wa kale, na ndiyo sababu katikati ya Solingen pana sura mpya na Gräfrath, iliyookoka, inaonekana ya zamani zaidi.

Hali ya kazi ni hii. Maandishi ya vituo vyote yamekamilika isipokuwa ramani, ambayo inasubiri uamuzi kama mgeni mwenye watoto wadogo atafute basi kati ya Wipperkotten na kiwanda cha mikasi au atembee. Sauti ya sura ya wanawake wa vikapu imerekodiwa na mama wa Bukavu aliyeuliza habari za ujira; Kiswahili chake tumekiacha kama kilivyo. Sura ya jiwe itarekodiwa baada ya mnoaji mmoja mstaafu, aliyekubali kuisikiliza ikitafsiriwa kwake neno kwa neno, kutuambia kama tumeieleza sawasawa namna ya kulishika bapa. Ukurasa wa khanjari bado ni mrefu, nao utapunguzwa. Kijitabu kitapelekwa kwa mchapaji ramani ikikamilika, nakala za kwanza zitapewa kundi la wageni watakaofika Wuppertal baada ya majira ya baridi, na mzee wa Mamba ameomba awe ndiye atakayewaongoza kwenye karakana ya maji.